Barua ya wazi kwa Meneja Mkuu: magongo manne yalikwenda, manne yakarudi

Kwa: Meneja Mkuu wa klabu
Nakala: Kocha wa timu kubwa, Kocha wa timu ndogo, wenzangu wote wenye tiketi za msimu

KUH: MABEKI CHIPUKIZI WA HOKI YA BARAFUNI WANAOPANDISHWA BILA KUCHEZESHWA

Mheshimiwa Meneja Mkuu,

Salamu nyingi, na natumai barua hii inakukuta u mzima wewe na familia yako.

Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza nilikuandikia kwa Kiingereza kupitia anwani mliyotupa sisi wenye tiketi za msimu, na mara zote tatu nilijibiwa na mashine kwamba maoni yangu ni muhimu sana. Mwezi wa kumi na moja nilisimama kwenye mkutano wa mashabiki nikauliza swali langu ana kwa ana. Kijana aliyeshika kipaza sauti akasema muda umekwisha, twendeni tukapige picha na yule mtu anayevaa manyoya ya dubu. Nikapiga picha. Jibu sikupata.

Basi nimebadilisha njia. Hii naiandika hadharani na kwa lugha yangu, asome anayetaka. Wewe utatafutiwa mkalimani. Mjini hapa tuko wengi, hutahangaika.

Jina la klabu sitalitaja. Wewe unajijua, na mashabiki wenzangu watatambua kabla hawajafika nusu ya barua. Vijana nao sitawataja kwa majina yao, maana hawakunituma niwasemee. Nitatumia majina tuliyowabandika sisi wenyewe garini: Fundi, Umeme na Mnara.

Kwa ndugu zangu ambao hoki ya barafuni kwao ni kitu cha kupita kwenye televisheni, niseme kwa ufupi. Kila klabu kati ya 32 za ligi kuu ya NHL ina timu yake ya kulelea wachezaji katika ligi ya AHL. Huko kijana hukomaa, na timu kubwa ikipata pengo humpandisha. AHL yenyewe hujivunia kwamba karibu asilimia 90 ya wanaocheza NHL wamepitia kwake. Mji wetu ni wa timu ndogo. Kwa hiyo sisi ndio tunaowaona vijana hawa wiki baada ya wiki, wakati ninyi mnawaona kwenye ripoti.

Na mtu asiniulize mtoto wa Kisauni, Mombasa, anajua nini kuhusu barafu. Barafu niliyoizoea utotoni ni ya ukwaju, ya kwenye vifuko. Uwanja wa barafu niliuona mara ya kwanza ndani ya hoteli ya Panari, Nairobi, nilipokwenda kumtembelea shangazi, na hapo ndipo nilipowakuta vijana wa Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni ya Kenya, wakifanya mazoezi. Vijana wa timu hiyo mwaka 2018 waliletwa Kanada wakacheza upande mmoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huu. Nina misimu tisa nyuma ya goli lenu. Najua ninachokiona.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnapandisha, lakini hamchezeshi.

Kazi yangu ni kupakia na kushusha mizigo uwanja wa ndege, zamu ya usiku. Mfuko wa mchezaji wa hoki haufichiki. Ni mrefu kama mtu aliyelala, una namba ya jezi ubavuni, na harufu yake ya jasho haitoki hata ukiuanika wiki nzima. Magongo huja kando, yamefungwa pamoja kwa utepe. Mfuko wa Fundi umepita mikononi mwangu mara nne tangu msimu uanze mwezi wa kumi: mara mbili kwenda, mara mbili kurudi.

Safari ya pili, mwezi wa kumi na mbili, aliondoka na magongo manne. Akakaa huko siku kumi na moja. Usiku aliporudi theluji ilikuwa ikianguka, nami nikayahesabu magongo yake chini ya taa ya toroli la mizigo. Manne. Hata moja halikupasuka. Beki anayejitupa mbele ya mashuti na kusukumana mbele ya goli hamalizi siku kumi na moja za mechi na magongo yote mazima. Atayamaliza yakiwa mazima kama alikuwa amekaa.

Na alikuwa amekaa. Timu kubwa ilicheza mechi tano katika siku hizo, na zote tano Fundi alizitazama kutoka juu, amevaa suti na tai, karibu na waandishi wa habari. Huku nyuma timu ndogo ilicheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo, kama ratiba ya AHL inavyopenda kuwafanyia vijana, na siku ya tatu tulikuwa na mabeki watano badala ya sita. Watano hao walikuwa wakirudi benchi wameinama, mikono magotini. Tulifungwa magoli mawili dakika za mwisho kwa sababu miguu ilikuwa imekwisha, wakati beki wetu bora alikuwa kwenye kiti cha ngozi akinywa maji ya chupa.

Mheshimiwa, beki wa miaka 21 si mchele wa kuwekwa stoo kwa ajili ya njaa. Kama mna haja naye, acheze. Kama hamna, mwacheni huku acheze dakika ishirini kila usiku, maana hizo ndizo zinazomkomaza. Hali ya tatu, ya kuwa naye bila kumtumia, inamwibia pande zote mbili.

2. Mmefanya weiva kuwa kigezo cha uwezo.

Mchezaji mwenye uzoefu hashushwi hivi hivi. Kwanza hupitishwa kwenye weiva, yaani kwa saa 24 klabu nyingine zote zina nafasi ya kumchukua. Chipukizi katika miaka yake ya mwanzo hana kikwazo hicho, kwa hiyo hupanda na kushuka kama ndoo ya kisima, na kamba mmeshika ninyi.

Beki wenu wa saba namheshimu. Alipokuwa na miaka 27 nilinunua jezi yake, na bado ninayo. Lakini msimu huu washambuliaji wanampita upande wa nje kana kwamba amepigiliwa misumari kwenye barafu, na bado yupo. Yupo kwa sababu mnaogopa kwamba mkimweka kwenye weiva atachukuliwa. Achukuliwe na nani? Mzee mmoja wa Bukavu ninayekaa naye uwanjani alisema mnamlinda kuku ambaye mwewe mwenyewe hamtaki. Nilicheka, kisha nikasikitika, kwa sababu ile jezi ilinigharimu mshahara wa siku mbili.

3. Mnatazama pointi, hamtazami mchezo.

Hapa ndipo palipo na ubishi mkubwa, nami sitaki kusema kana kwamba mashabiki wote tuna neno moja. Hatuna. Kila Ijumaa tunakwenda uwanjani watano kwenye gari moja: mimi, Wakongo wawili, Mrundi mmoja na binti yake wa miaka kumi na mitatu, ambaye anaujua mchezo kutushinda sote. Kutoka nyumbani hadi maegesho ni dakika thelathini na tano, na dakika hizo zote ni za mabeki.

Wakongo wangu wawili ni wa Umeme. Nawaelewa. Umeme ana miguu ya kupendeza, anaongoza mabeki wetu kwa pointi, na akiipata paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, uwanja mzima unanyanyuka. Ndiye pia mliyemwita kwanza msimu huu. Lakini pointi zake nyingi anazipata mpinzani akiwa na mtu pungufu kwa adhabu, wakati kuna nafasi ya kuchora. Kwenye timu kubwa kazi hiyo tayari ina mwenyewe, analipwa mamilioni, na hatampisha. Atakachokikuta Umeme huko ni dakika kumi na mbili za kukabana kwenye kona na watu wanaomzidi kilo kumi na tano. Kwenye kona, kusema kweli, Umeme huzimika.

Mrundi ni wa Mnara. Kimo cha Mnara ni karibu mita mbili, na gongo lake linafika mahali ambapo wengine hutuma barua. Ila akigeuka, anageuka kama lori la trela kwenye kichochoro. Akipewa mwaka mmoja zaidi na kocha wa kuteleza, atakuwa mtu mwingine. Mwacheni kwanza.

Mimi ni wa Fundi. Usiku mmoja wa mwezi wa kwanza nilimfuatilia yeye peke yake, nikachora vijistari nyuma ya boksi la bisi. Mara kumi na moja wapinzani waliitupa paki kwenye kona yetu na kumkimbilia. Mara tisa ilitoka salama kwenye eneo letu. Mtu hutazama inavyotoka. Mimi nilitazama kabla. Anaporudi nyuma kuifuata, Fundi hugeuza shingo mara mbili, begani kushoto na begani kulia, kabla hajaigusa. Anakuwa ameshajua nani anamjia na kwa mwendo gani. Kisha hushusha bega kana kwamba anazunguka nyuma ya goli, yule mshambuliaji anadanganyika, na paki inagonga ukuta taratibu na kumfikia winga wetu kwenye gongo lake. Kwaa. Basi. Hakuna anayepiga makofi, kwa sababu hakuna kilichotokea, na hiyo ndiyo kazi ya beki.

Tena anashika gongo upande wa kulia. Sijui kwa nini nikukumbushe jambo hili wewe ambaye ni kazi yako, lakini mabeki wa mkono wa kulia ni adimu katika ligi nzima, na msimu huu upande wenu wa kulia mmewapanga wenye mkono wa kushoto. Paki ikiwajia kando ya ukuta wanalazimika kuipokea kwa mgongo wa gongo, wamewapa wapinzani kisogo. Hesabuni magoli mliyofungwa kutokana na hilo. Video mnazo.

Ndani ya gari ubishi huu haukuisha hadi yule binti alipovua visikizi vyake akauliza, “Anko, Umeme akiipoteza paki mbele, nani huwa anarudi kukaba?” Wakongo wakanyamaza. Anayerudi ni Fundi. Wanacheza pamoja, jozi moja, tangu mwezi wa kumi. Nusu ya uhuru wa Umeme unalipiwa na Fundi, na ripoti zenu za pointi hazina safu ya kuandika hilo.

4. Hamsemi vigezo.

Hili ni fupi. Kijana akiulizwa na waandishi anatakiwa arekebishe nini, anajibu kwamba ataendelea kufanya bidii. Ama hajui, ama amekatazwa kusema. Vyovyote vile ni vibaya.

Sasa, najua majibu yenu. Nimeyasikia redioni ya kutosha, kwa hiyo nitawapunguzia kazi.

Mtasema beki huiva polepole. Ni kweli, na mfano mnaoupenda ni Duncan Keith. Kwenye uchaguzi wa chipukizi ambao klabu za NHL hufanya kila mwaka, Chicago ilimchagua wa 54 mwaka 2002, akakaa misimu miwili mizima Norfolk kwenye AHL kabla ya kugusa barafu ya NHL. Lakini tazameni alivyokaa na alivyoondoka. Norfolk alicheza, hakuhifadhiwa. Na alipopandishwa, msimu wa 2005–06, alicheza mechi 81 kati ya 82. Baadaye akashinda tuzo ya Norris ya beki bora mara mbili, 2010 na 2014, pamoja na makombe matatu ya Stanley, yaani ubingwa wa NHL. Mkitaka kumfuata Keith, mfuateni mpaka mwisho wa hadithi. Ninyi mmechukua ukurasa wa kusubiri tu.

Mtasema mechi za kipindi hiki ni nzito mno kwa mtoto. Mwaka 2010 Montreal walikuwa nyuma kwa mechi tatu kwa mbili dhidi ya Washington kwenye raundi ya kwanza ya mchujo. Wakampandisha beki P. K. Subban kutoka Hamilton, timu yao ndogo, kijana wa miaka 20 mwenye mechi mbili tu za NHL mfukoni, wakamwingiza mechi ya sita. Wakashinda ya sita, wakashinda ya saba, kisha wakawatoa Pittsburgh waliokuwa mabingwa watetezi. Subban alibaki kikosini hadi fainali ya kanda, na miaka mitatu baadaye Norris ikawa yake. Sisemi Fundi ni Subban. Fundi hana hata robo ya kelele zile. Nasema uzito wa mechi hupimwa kwa kubebwa.

Mtasema hana haraka, mkataba bado upo. Beki Mark Giordano hakuchaguliwa na klabu yoyote kwenye uchaguzi wa chipukizi. Calgary walimsajili mwaka 2004 na kumpeleka AHL, akawa anapanda na kushuka. Walipokosa kuelewana juu ya mkataba mwaka 2007, akafunga virago akaenda kuchezea Dynamo Moscow. Calgary walibahatika, alirudi baada ya msimu mmoja, akawa nahodha, na mwaka 2019 akashinda Norris akiwa na miaka 35. Si kila anayekwenda Moscow hurudi.

Mtasema pesa. Haya, nilikaa mezani na kalamu. Kikomo cha mishahara ya kikosi kizima msimu huu wa 2025–26 ni dola milioni 95.5. Mshahara wa chini kabisa NHL ni dola 775,000, na Fundi yuko kwenye mkataba wa chipukizi ambao hauzidi hapo kwa kiasi cha kutisha. Mkimshusha yule mkongwe, beki wenu wa saba, na asichukuliwe, hadi dola 1,150,000 za mshahara wake zinaondoka kwenye hesabu ya kikomo. Akichukuliwa, zinaondoka zote. Kwa vyovyote vile, Fundi anajilipia. Ninachokishuku, na hapa nasema kama mtu anayelipwa kwa saa, ni kwamba kila siku Fundi anapokuwa juu analipwa kwa kiwango cha NHL, karibu dola 4,000 kwa siku, na anaposhushwa anarudi kwenye sehemu ndogo ya hicho. Sina ushahidi. Lakini mara zote mbili mlimrudisha kabla ya mapumziko ya siku kadhaa bila mechi, na mimi ndiye niliyepokea mfuko.

Ninayoyaomba si mengi.

Mpandisheni Fundi kabla ya siku ya mwisho ya usajili mwezi wa tatu, na mumpange mechi kumi mfululizo upande wa kulia, dakika zisizopungua kumi na nne. Mechi ya kwanza atakosea. Pengine goli litapitia kwake, na televisheni italirudia mara sita. Mechi ya pili awemo.

Wekeni kanuni kwamba beki yeyote chipukizi asiyechezeshwa mechi mbili mfululizo anarudi huku siku inayofuata. Ndege ni saa moja na nusu. Mizigo nitashusha mimi.

Umeme abaki kwetu hadi mwisho wa msimu, ila tafuteni mtu wa kumkalisha chini amweleze habari ya kona, kwa uwazi, kwa video, mlango ukiwa umefungwa. Mnara naye apewe kocha wa kuteleza kiangazi chote.

Na kocha wa timu kubwa aje huku, usiku mmoja tu wa Ijumaa. Asikae juu kwenye vioo. Akae nasi nyuma ya goli, ambako shingo ya beki inaonekana inavyogeuka. Kiti kimoja tutamwachia. Mrundi amekubali kusimama.

Kama mechi kumi zitapita na Fundi akashindwa, nitakuja kwenye mkutano wenu ujao wa mashabiki, nishike kipaza sauti kabla muda haujaisha, niseme nilikosea. Nitasema kwa Kiingereza. Na picha na dubu nitapiga tena.

Wako mtiifu,

Mwenye tiketi ya msimu, safu ya juu nyuma ya goli,
mpakiaji mizigo wa zamu ya usiku